Wageni wa Jumamosi

Mared alianza kufanya usafi katika nyumba za watu akiwa bado msichana wa shule, na kwa miaka mingi kazi hiyo haikumkera. Kijiji chao cha Porth Gwernan, cha watu wa lugha ya Kiwelsh, kilikuwa na nyumba nyingi kuliko watu. Kiangazi zilijaa wageni kutoka miji ya Waingereza. Baridi ikiingia zilifungwa, mapazia yakateremshwa, na maji yakatolewa kwenye mabomba yasije yakaganda. Mumewe Deio alikuwa mtu wa posta, na mwezi wa Januari aliweza kutembea barabara yote ya ufukweni bila kutumbukiza barua hata moja.

"Nimetoka mtaa wa mizimu," alikuwa akisema anaporudi, kisha anacheka.

Deio alicheka mambo mengi. Ndiyo maana Mared alimpenda, na ndiyo maana mwaka ule nusura amtupie sufuria.

Walikuwa wakiishi kwenye karavani nyuma ya ghala, katika shamba la baba yake Mared, mzee Emrys, juu ya kilima. Karavani yenyewe ilitengenezwa kwa ajili ya watu wa kupiga kambi wiki mbili kisha waende zao, haikuwa ya kuishi. Kuta zilitoka jasho. Nguo kabatini zilinuka ukungu. Upepo wa baharini ukivuma, vikombe viligongana vyenyewe kwenye rafu. Walivumilia kwa sababu kijijini hapakuwa na nyumba ya kupanga ambayo mtu wa posta na mfanya usafi wangeimudu, na kwa sababu walikuwa na ahadi.

Ahadi ilitoka kwa Bibi Leusa, mama mzazi wa Emrys, aliyekuwa akikaa katika nyumba ndogo ya mawe ubavuni mwa kanisa. Krismasi yake ya mwisho, watu wote wakiwa mezani, aligonga glasi kwa kijiko akasema, "Nikifa, nyumba yangu ni ya Mared na Deio. Sitaki ikae tupu kama zile nyingine. Emrys, umenisikia?"

Emrys alikuwa akikata nyama ya bata bukini. "Nimekusikia, mama," akajibu.

Bibi hakuandika popote. Kwake yeye, neno lililosemwa mbele ya watu lilitosha. Akafariki mwezi wa tatu, nyumba ikaangukia kwa mwanawe wa pekee, kama sheria inavyotaka, na wote wakajua itakwenda wapi.

"Paa linavuja," Emrys aliwaambia. "Nitalitengeneza kwanza. Huwezi kumpa mwanao nyumba inayovuja."

Hapo hapakuwa na la kubisha. Wakangoja. Krismasi ikarudi, na safari hii Mared alikuwa na mimba ya miezi mitatu. Walitoa habari baada ya chakula. Mama yake, Nerys, alidondosha kitambaa cha vyombo akamkumbatia. Emrys aliinuka, akamimina wiski glasi mbili, moja akampa mkwewe.

"Basi paa liishe upesi," akasema.

Mared aliyachukua maneno yale kama saini.

Ndipo kazi ilipopamba moto. Emrys alileta mafundi wa paa, na Deio akawa kila akimaliza kupeleka barua anavua koti la posta, anavaa ovaroli, anashinda Jumamosi na jioni zote akipiga plasta na kung'oa zulia lililooza. Hakudai hata senti. Nani hudai ujira kwa nyumba yake? Mared, ambaye kichefuchefu kilikuwa kimeanza kumwacha, alipaka rangi chumba kidogo kinachotazama kanisa, rangi ya siagi. Siku moja baba yake alisimama mlangoni akamwangalia.

"Rangi nzuri," akasema.

"Ya chumba cha mtoto, Baba."

"Ehe," Emrys akajibu, akatoka kwenda kukagua mifereji ya maji.

Baadaye Mared aliitafuna ile "ehe" siku nyingi. Mtu mwenye jambo la kusema angelisema pale pale.

Msimu wa kondoo kuzaa ulipofika, mkunga alimkataza asikaribie zizi, kwa kuwa kondoo anayezaa anaweza kumwambukiza mja mzito maradhi ya kuharibu mimba. Kwa hiyo mwezi mzima hakuonana sana na baba yake, aliyekuwa akilala na kuamka na kondoo. Walikutana Jumapili ya Matawi. Siku hiyo watu wa kule husafisha makaburi ya wazee wao na kuyapamba maua, na familia ilikwenda kwa Bibi Leusa na ndoo ya maua ya njano. Nerys alisugua jiwe kwa brashi, Deio akang'oa magugu. Walipomaliza wakatoka kwa lango la pembeni, linalotokea mbele ya nyumba ya bibi, na Mared akaona kisanduku cheusi cha chuma kimepigiliwa ukutani karibu na mlango. Kilikuwa kidogo, cha kutosha kwenye kiganja, kina vitufe vya namba.

Mtu mwingine angepita. Mared alisimama.

"Baba, kile ni nini?"

"Kipi?"

"Kile kisanduku mlangoni."

"Cha ufunguo."

"Najua ni cha ufunguo. Vya namna ile navifungua kwenye nyumba za wageni kila Jumamosi mpaka vidole vinauma. Nakuuliza kinafanya nini kwa bibi."

Emrys alitazama kofia yake aliyoishika mkononi. "Tuongee nyumbani."

"Tunaongea hapa."

"Watu wanapita, Mared."

"Wapite."

Akasema basi, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeongea na daktari. Ni kiangazi kimoja tu. Kuanzia Pasaka mpaka mwezi wa tisa. Kondoo hawalipi tena. Sufu ya mwaka jana aliichoma moto, maana kuipeleka sokoni ilikuwa hasara tupu. Wageni wawili watatu wakae kwa bibi, shamba lipumue, kisha wao wahamie.

"Mtoto anazaliwa mwezi wa sita," Mared akasema.

"Mtoto mchanga hajui yuko wapi. Wewe mwenyewe mwaka wako wa kwanza ulilala kwenye droo ya kabati."

"Kwa hiyo na mwanangu umtafutie droo."

"Sijasema hivyo."

"Hujasema lolote, Baba. Hilo ndilo tatizo. Nilipokuwa juu ya ngazi na tumbo hili napaka rangi, hukusema. Deio alipokuwa anabeba mifuko ya saruji, hukusema."

Deio akamshika kiwiko. "Mke wangu, hili tulifikirie kwa utulivu."

"Mimi nimetulia," Mared akasema. "Nimetulia mno. Nikikupiga kwa ndoo hii utaona itakavyotua polepole."

Nerys alikuwa amesimama pembeni akivuta vidole vya glavu zake, kimoja kimoja. 

Kwenye karavani ugomvi uliendelea, na sasa ulikuwa wa mke na mume. Deio alisema mzee hana nia mbaya, kiangazi hakikawii, na nyumba haitakimbia. Mared alimsikiliza mpaka mwisho, kitu ambacho kilimtisha Deio kuliko kelele.

"Umewapigia wageni plasta," akamwambia. "Bure. Baridi yote, mikono imekupasuka. Na bado unamwita Baba."

"Nimwiteje sasa?"

"Mwite bosi."

Wiki ile kibao kikatundikwa juu ya mlango, kwa Kiingereza, chenye maana ya Pumziko la Shakwe. Bibi Leusa aliwachukia shakwe, wale ndege weupe wa baharini, maisha yake yote. Aliwafukuza kwa ufagio kwenye mapipa ya taka, akiwaita wezi na walevi. Mared alipokiona kibao kile alicheka, na kicheko chenyewe kikamwongezea hasira.

Kisha Emrys akaja na ombi. Alisimama nje ya karavani, mbwa wake miguuni. "Nyumba inahitaji mtu wa usafi Jumamosi. Nani mwingine nimwamini?"

"Waulize shakwe."

Lakini siku mbili baadaye akasikia kwamba baba yake ameongea na mwanamke mmoja wa kijiji cha pili, ambaye Mared aliwahi kufanya naye kazi na kumwona akifuta sinki la jikoni kwa kitambaa cha chooni. Akamfikiria yule mwanamke jikoni kwa bibi. Hakuweza. Akaenda shambani, akachukua ufunguo kwenye msumari bila kusalimia.

Hivyo kila Jumamosi, baada ya wageni kutoka saa nne na kabla wengine hawajaingia saa kumi, Mared alikuwa mle ndani na tumbo lake, akivua mashuka na kuvalisha mengine, akiinama kwa taabu kuchota mchanga kwenye beseni la kuogea. Chumba cha rangi ya siagi baba yake alikuwa amekitia kitanda cha ghorofa cha watoto. Wazee wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa siku ya tatu walidai taulo mpya. Walimwaga divai juu ya meza ambayo bibi alikandia mkate. Walihamisha viti. Mmoja aliacha ujumbe kwamba kengele ya kanisa inaanza mapema mno siku ya Jumapili, na kama kuna wa kuzungumza naye juu ya hilo.

Si kwamba walikuwa watu wabaya. Kama wangekuwa wabaya ingekuwa nafuu. Mwanamke mmoja aliyechelewa kuondoka alisimama akimtazama Mared akikunja mashuka, akamuuliza kwa upole, "Unakaa karibu?"

"Karibu sana. Ile karavani unayoiona kule juu."

"Raha iliyoje," mwanamke akasema. "Kwako kila siku ni likizo."

Mared aliingia bafuni akasugua beseni mpaka bega likamwuma, na beseni lilikuwa safi tangu mwanzo.

Mwanzoni mwa Mei Deio alichukua ruhusa kazini. Alikuwa amemwona mkewe anavyokonda uso huku tumbo linakua, na alikuwa hajui la kufanya. "Tupumzike kidogo kabla mtoto hajaja," akasema. "Siku nne. Nimepata kanyumba kusini, karibu na Abergwaun, bahari iko mlangoni. Hutashika ufagio."

Mared alikubali. Safari nzima alikuwa mchangamfu. Walisimama njiani wakala vipande vya samaki na viazi ndani ya gari, Deio akaimba, mtoto akapiga teke. Walifika jioni jua bado lipo. Deio akatoa simu kutafuta namba, akaelekea kwenye kisanduku cheusi cha chuma kando ya mlango.

Mared akakaa juu ya begi, pale pale njiani.

"Deio," akasema. "Umenileta kwenye nyumba ya bibi wa mtu."

Deio alianza kucheka. Kicheko kikakatika katikati.

Ndani palikuwa pazuri. Kila kitu cheupe, na picha za nanga ukutani. Mared hakuweza kutulia. Aliinua mito ya kochi kutazama chini, alipitisha kidole juu ya friji, alikunja upya taulo zilizokunjwa na mwenzake asiyemjua. Asubuhi akitafuta mahali pa kuweka viatu, alifungua kabati la chini ya ngazi. Ndani ya mlango wa kabati, mahali ambapo fundi wa rangi hakujisumbua kufika, palikuwa na mistari ya penseli ya kupimia urefu wa watoto. Guto. Siân. Guto tena, juu kidogo. Siân tena. Mistari ya Siân ilifika kifuani kwa Mared ikaishia hapo.

Alimwita Deio. Deio alichuchumaa, akapitisha kidole kwenye mistari, wa chini mpaka wa juu, kama anavyofanya akisoma anwani iliyoandikwa vibaya. Kisha akaenda kununua mkate na akachelewa sana kurudi.

"Nimemuuliza mwenye duka," akasema aliporudi. "Wenyewe wako mjini Caerdydd. Huyo Guto ana mtoto sasa. Mwenye duka anasema mtoto hajui Kiwelsh, hata salamu."

Aliweka mkate mezani, hakuukata.

"Turudi nyumbani," akasema.

"Likizo ina siku mbili bado."

"Likizo ya nani?" Deio akauliza. Na kwa mara ya kwanza tangu Mared amfahamu, alikuwa amekasirika, hasira ya mtu mpole, ambayo haijui ikae wapi usoni.

Waliendesha muda mrefu. Walipoanza kuona milima ya kwao, Deio akauliza, macho yako barabarani, "Jumamosi ya Pentekoste wageni wanaingia saa kumi, sivyo?"

"Ndiyo."

"Na waliopo wanatoka saa nne."

"Wanatoka."

"Muda unatosha," Deio akasema.

Mared akageuka akamtazama. Akatamani kumbusu na kumuuliza alikuwa wapi siku zote hizi. Alimuuliza tu.

"Nilikuwa nacheka," Deio akajibu.

Jumamosi ile Mared alifanya usafi kama kawaida, ila kwa bidii zaidi, kwa kuwa sasa alijisafishia mwenyewe. Alipiga deki jikoni mara mbili. Mchana Deio akaja na pikapu ya binamu yake, amepakia kitanda chao, kitanda cha mtoto, viti viwili na birika. Kitanda cha ghorofa kilikataa kupita mlangoni. Sijui Emrys alikiingizaje. Deio alikizungukazunguka, akakiacha. "Watakuja watoto wengine," akasema. Wakafunga mlango kwa ndani, wakanywa chai wamekaa.  Mared alikuwa amejiandalia maneno ya kuwaambia wageni, maneno ya kuchoma, na alikuwa akiyarudia kichwani.

Wageni waliwahi. Walikuwa familia ya upande wa Manchester, mume, mke na watoto watatu, mmoja ametapikia nguo zake njiani. Gari lilikuwa limejaa ndoo za mchanga na magodoro ya kuogelea. Mared alifungua mlango.

"Nyumba hii ina watu," akawaambia kwa Kiingereza. "Mlikodi kwa baba yangu. Hakuwaambia kwamba ni yangu."

Mume alitoa simu yake, akaanza kueleza kwamba wamelipa, kwamba wametoka asubuhi, kwamba foleni ilikuwa ya kutisha. Hakuwa na ujeuri. Alikuwa mtu aliyechoka. Nyuma yake msichana mdogo alikuwa amebana miguu akirukaruka.

"Samahani," mama yake akasema, "anaweza kutumia choo?"

Maneno yote ya kuchoma yakamtoka Mared kichwani. "Mlango wa kulia," akasema, akasogea kuwapisha, huku akijichukia.

Mume akampigia Emrys simu, naye akafika muda si mrefu na gari lake la shamba, Nerys ameketi kando yake amevaa aproni. Alishuka bila kufunga mlango wa gari. Wakaongea Kiwelsh, na wale wageni wakasimama na mabegi yao wakigeuza vichwa, huku na huku.

"Unaniaibisha mbele ya wageni," Emrys akasema.

"Hawaelewi neno hata moja, Baba. Hiyo aibu unaionea wapi?"

"Toka, tukaongee nyumbani."

"Nyumbani ni hapa."

"Mared, nitakutoa."

"Nitoe. Nina mimba ya miezi minane. Nishike mkono univute mpaka barabarani, na wale wachache waliobaki kijijini wako madirishani, watakuona vizuri."

Emrys alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Akamgeukia mkwewe. "Na wewe. Nilikuona mtu wa busara."

"Na mimi nilikuona mtu wa neno," Deio akasema. 

 Mbwa alishuka garini akaanza kunusa ndoo za mchanga. Na ndipo Nerys, ambaye tangu Jumapili ya Matawi hakuwa amesema lolote juu ya jambo hili, akaja akasimama katikati.

"Emrys," akasema, "mama yako alikuuliza kama umesikia. Ukasema umesikia. Mimi ndiye niliyekuwa nimekushikia sahani."

"Nerys, hayo ni mambo ya—"

"Nilikushikia sahani. Mafuta yalikuwa yananidondokea mkononi, na nilisikia."

Kisha akawageukia wageni, kwa Kiingereza chake cha kuchagua maneno. Akawaambia kumetokea makosa, si yao. Shambani kuna vyumba viwili na vitanda, chakula cha jioni kiko jikoni, na kuna wanakondoo yatima wanaonyweshwa maziwa kwa chupa, kama watoto watapenda kusaidia. Watoto walikuwa wamekwisha kuingia kwenye gari kabla hajamaliza. Mume alimtazama mkewe. Mke akasema sawa, haraka, kabla mume hajafikiri.

"Hukuniuliza," Emrys akasema.

"Ndiyo," Nerys akajibu. "Sikukuuliza. Beba mabegi."

Akayabeba. Mared alifunga mlango, na alipogeuka, hasira ambayo alidhani itaisha siku hiyo ikampanda mpya, ya miezi yote, ya "ehe" na ya mashuka na ya mama aliyejua akanyamaza. Aliipiga teke ndoo ya deki. Maji machafu yakatapakaa jikoni kote.  Deio alichukua kitambaa akapiga magoti.

Mtu akidhani mambo yalikwisha kwa furaha, hajui kijiji. Nusu ya watu walisema Mared amefanya vema. Nusu nyingine walisema amemnyang'anya baba yake nyumba, na dukani waliacha kuongea anapoingia. Kampuni ya usafi iliyokuwa ikimpa kazi ilimwambia kwamba wateja hawawezi kukabidhi funguo kwa mtu aliyekalia nyumba kwa nguvu, ikamwachisha kazi. Emrys alilazimika kuwafutia wageni wote wa kiangazi nafasi zao, na kila alipopita na gari mbele ya nyumba ile alitazama mbele moja kwa moja, kama farasi aliyefungwa vidoto. Hakuja kuwatembelea. Mwisho wa mwezi wa sita mtoto akazaliwa, msichana, wakamwita Mabli. Nerys alishinda pale kila siku. Yeye na binti yake waligombana juu ya kule kunyamaza kwake, wakalia, wakaendelea kukunja nepi. Emrys alituma paja la mwanakondoo kwa mkono wa mkewe. Kanisani alikaa mwisho mwingine wa benchi lile lile.

Alikuja mwezi wa tisa, siku ya wiki, bila kutoa habari. Mared alisikia kishindo nje, akatoka na mtoto begani. Baba yake alikuwa amemwaga shehena ya kuni mbele ya mlango, mahali pabaya kabisa, na alikuwa akizipanga ukutani moja moja.

"Baridi inakuja," akasema bila kugeuka.

"Naijua baridi. Nimelala nayo miaka mitatu kwenye karavani."

Emrys akapanga kuni mbili tatu. "Mngempa jina la mama yangu," akasema. "Leusa. Yeye ndiye aliyewapa nyumba."

Mared alilisikia lile neno, aliyewapa, lililokuwa halijawahi kutoka kinywani mwa baba yake. Halikumlainisha.

"Nimpe jina la bibi," akasema, "ili nalo ulipangishe kwa wiki?"

Emrys alisimama na gogo mkononi. Ndani, dirishani, Deio aliacha kuosha kikombe. Mzee aliweka gogo mahali pake, akalisukuma kwa kiganja likae sawa.

"Hilo nimestahili," akasema. "Nadhani unayo mengine."

"Ninayo."

"Basi yaseme. Mimi napanga kuni."

Mared akayasema. Alisimama pale na mtoto begani akayasema moja baada ya jingine, ya rangi ya siagi, ya mikono ya Deio, ya mwanamke aliyesema kila siku ni likizo, ya kazi aliyofukuzwa, ya benchi la kanisani, na ya paja la mwanakondoo lililoletwa na mtu mwingine. Emrys aliendelea kupanga. Mara moja tu alisema, "Kweli," na mara nyingine alisimama akapangusa uso kwa mkono wa shati, kisha akaendelea. Kuni zilipoisha alinawa kwenye bomba la nje. Mared hakumkaribisha ndani. Deio ndiye aliyemletea chai mlangoni. Emrys aliinywa amesimama, akamtazama mtoto aliyelala, akasema pua ni ya Nerys. Akaondoka.

Juma lililofuata alileta shehena nyingine, ingawa ukutani hapakuwa na nafasi tena, na Mared alikuwa hajayamaliza ya kusema.